Rangi za Sikuku

Luthuli, Jumamosi, saa tano asubuhi,
kila duka linamfokea jirani yake kwa spika.
Sisi tumefuata kitu kisicho na sauti:
taa za pikseli, za kuzungusha ukingo wa paa
kule Umoja, nyumba ya pili baada ya kinyozi.

Sikuku ana miaka saba kasoro wiki tatu.
Alizaliwa siku yenyewe, ndipo akapewa jina.
Mwaka huu hatuendi Kimilili,
nauli imefura kama maziwa jikoni,
nikamwahidi: basi nyumba itavaa.

Mimi ni fundi wa nguo. Kununua kwa macho sijui.
Nikaupima ukanda kiwiko hadi kidole,
nikamuuliza Kirimi wa kaunta:
huu wa volti tano, ukifika mwisho, utakuwaje?
Akauwasha. Mwanzoni nyeupe ya chumvi,
mwishoni nyeupe iliyochoka,
ya meno ya mvuta sigara.
"Chukua wa kumi na mbili, mama. Huu haulegei njiani."
Na mvua?
Akautumbukiza ukiwaka kwenye ndoo ya maji,
nao ukaendelea kung'aa, kama samaki asiye na habari.
Na stima? Akapiga hesabu juu ya boksi,
akaniapia kwamba tokeni hazitalia.
"Na kila kitone kina jina lake,
kikiitwa kinaitika peke yake,
vingine vinanyamaza."

Hilo lilimpendeza Sikuku. Akataka kujua
cha mwisho kabisa kinaitwa nani.

"Sasa rangi," akasema Kirimi, akabonyeza rimoti.
Nyekundu. Kijani. Nyekundu. Kijani.
Ukuta mzima ukawa Krismasi.
Sikuku akangoja, mikono mgongoni,
akangoja tena,
kisha akauliza kwa adabu:
"Zitaanza kubadilika saa ngapi?"

Kirimi alicheka. Mimi nilikumbuka uzi.
Nilimtuma mwekundu, wa sweta za shule,
akaniletea wa kijani.
Nikamrudisha. Akaniletea wa kijani.
Mara ya tatu nikamfinya sikio:
macho umepewa ya nini?
Naye akasimama pale na rili kiganjani,
analitafuta kosa lake, halioni.

"Rudia," nikamwambia Kirimi, "polepole."
Akarudia, sasa bila kucheka,
rangi moja moja, kama anayemlisha mgonjwa.
Buluu. "Hii naiona."
Manjano. "Hii pia."
Zambarau. "Si ndiyo ile buluu?"
Kisha buluu ikakimbizana na manjano
kitone kwa kitone,
na mwanangu akaifuata kwa kidole
hadi mwisho wa kaunta,
akarudi nayo,
akaenda nayo tena.

Tukachukua hiyo.
Kirimi akapunguza mia mbili bila kuombwa,
nami, ninayebishania hata kifungo, nikasahau kubisha.

Barabarani nilikuwa na neno la kumwambia.
Halikuja. Likaja jingine: una njaa?
Kidogo, akasema.
Nikamnunulia hindi la kuchoma, ndimu na pilipili,
akanimegea nusu kubwa.

Jioni, ngazi ya kuazima, misumari mdomoni,
nikazungusha ukanda paa zima.
Baba Kerubo akasimama getini, kiuno kwa mikono:
"Nyekundu iko wapi? Kijani iko wapi?
Hii ni Krismasi ama ni kituo cha petroli?"
Sikuku, rimoti kifuani, akamjibu toka kizingitini:
"Hizi ndizo zinazobadilika."

Usiku huo alipolala nilikata vipande vya plasta,
nikabandika kila rili juu ya cherehani,
nikaandika kwa herufi kubwa: NYEKUNDU. KIJANI. KAHAWIA.
Dirishani buluu ilipita, manjano ikaifuata,
zikimpitia usoni zamu kwa zamu.
Sikio lile lilikuwa juu ya mto, limeelekea kwangu.
Nikalifunika na shuka, taratibu, asije akashtuka.