Taa Kumi na Moja

Shangazi Hilkka aliuza karatasi za ukutani miaka thelathini na minane
katika duka lililotazama bandari ya Kokkola.
Duka lilipofungwa alibaki na mabaki:
maua ya buluu, mistari ya rangi ya siagi,
na ile nyeupe, nyembamba kama ngozi ya kitunguu,
ambayo hakuna aliyewahi kuinunua.
"Hii ilizaliwa iwe taa," alisema.
"Mimi ndiye niliyeilazimisha iwe ukuta."

Basi tukakaa barazani, yeye, mimi na Oiva wangu wa miaka sita,
tukiloweka fito za mwerebi katika beseni la kufulia
mpaka zikakubali.
Ufito haupindwi kwa nguvu. Unaubembeleza kwa kidole gumba,
unausikiliza; ukilia ka! umeshachelewa.
Duara la juu, duara la chini, mbavu sita katikati,
na uzi wa katani uliofungwa kwa fundo
ambalo vidole vya Hilkka vinalijua
na mdomo wake hauwezi kulieleza.
Gundi ni unga wa ngano uliochemshwa ukawa uji.
Oiva aliuonja, akasema hauna sukari.

Karatasi hubandikwa ikiwa imelowa, imelegea,
mikunjo, mapovu, aibu tupu.
Usiiguse.
Ikikauka hujivuta yenyewe, ikajikaza,
na ukiigonga kwa ukucha inakujibu kama ngoma.

Watu husema usiku wa deni haukawii kucha.
Usiku wetu wa Juni ulikawia kuchwa.
Saa tano usiku jua lingali limeketi juu ya maji
kama mgeni aliyeshaaga mara tatu na bado kashika kikombe.
Oiva akawasha mshumaa ndani ya taa ya kwanza,
akaitundika kwenye msonobari, akarudi nyuma hatua kumi.
Hakuna kitu.
Mwanga ndani ya mwanga: chumvi umeitia baharini.
"Imekufa!" akalia kwa hasira.
Hilkka hakumbembeleza. "Haijafa. Haina pa kuwakia.
Giza liko njiani. Linakuja kwa miguu."

Tukazitundika zote bandani, kumi na moja,
tukazisahau.
Julai ikapita na mvua zake, na matunda ya porini
yaliyotupaka vinywa zambarau,
na sauti ndogo ya kukwangua kule gatini, kila mchana,
kwaru, kwaru, ambayo hatukujua ni ya nani.

Jioni ya mwisho wa Agosti, pwani nzima ikijiandaa kuwasha,
nikafungua banda.
Kumi zilikuwa kama tulivyoziacha.
Ya kumi na moja ilikuwa na mpangaji.

Nyigu alikuwa ameingia kwa mdomo wa juu
akajenga humo nyumba yake ya karatasi,
ya kijivu, tabaka juu ya tabaka, kubwa kuliko ngumi:
mbao za gati letu, alizozitafuna
na kuzibandika kwa mate yake mwenyewe.
Nilikuwa nimeshanyanyua ufagio.
Hilkka akanishusha mkono, akavaa miwani,
akaikagua kama alivyokuwa akikagua mzigo dukani.
"Maungio hayaonekani," akanong'ona.
Kisha, kwa wivu kidogo: "Wala hakutumia ufito."

Tuliwasha kumi.
Giza lilikuwa limefika kweli, zito, lenye harufu ya mwani na moshi wa sauna,
na yale maua ya buluu, yaliyokaa miaka mingi yamekunjwa gizani,
yakafunguka juu ya msonobari.
Ng'ambo ya ghuba, jirani akapiga kelele ya furaha.
Hata ile nyeupe. Hata ile.

Oiva alihesabu kwa kidole, polepole, mpaka kumi,
kisha akageuka, akauelekeza mlango wa banda
tuliouacha wazi kidogo,
"na kumi na moja," akasema,
akaenda kutafuta soseji.