Joto la Upande Mmoja

Ulishuka kwenye basi la Tanga ndani ya kikapu cha ukindu,
chatu mtoto, uzito wa kilo ya sembe kasoro kidogo,
Lushoto ikakupokea kwa ukungu wa Julai.

Mama Shekiondo akachungulia dirishani: "Huyo utampikia nini?"
Nikamjibu: kwanza joto.

Balbu nimeifunga nje ya wavu,
maana wewe, nimeambiwa, huruki ukiungua;
unalala tu juu ya moto, ukiuamini.
Kipimajoto kinasoma thelathini na mbili huku,
kule penye gae la chungu, ishirini na sita.
Uchague mwenyewe. Sikupangii.

Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo.
Mimi siku hizi nashtushwa na waya:
naugusa, naunusa,
nauchomoa, nauchomeka tena.

Saa nane usiku umeme umekatika.
Nimechemsha maji kwa kuni, nimejaza chupa,
nimeizungushia khanga ya marehemu mama,
ile ambayo dada aliiomba nikamnyima,
nimeiweka ubavuni pako, si karibu sana.

Nimebaki na shuka moja.
Ulimi wako umetoka,
umeonja giza,
umerudi.