Fremu ya Kilo Tatu Kasorobo

Mwanjelwa waliipima kwenye mizani ya vyuma chakavu:
kilo tatu kasorobo.
Nikailipia bei ya masufuria yaliyotoboka.

Tangu Jumatatu naimiminia mafuta nguzo ya kiti,
naigonga, naibembeleza, naitukana.
Imeganda kama ulimi wa shahidi.

Asubuhi za Isyesye ukungu hauna adabu,
unakuingia hadi kwenye mikono ya sweta.
Nasugua. Msasa namba themanini, kisha mia na ishirini.
Kutu inamwagika nyekundu kama vumbi la Chunya,
Tusajigwe anauliza kama nimeanza kusaga ulezi.

Chini ya kutu, bluu.
Na ndani ya bluu, jirani na ekseli ya pedeli,
mikwaruzo ya msumari, imepangwa tano tano:
arobaini na miwili.
Magunia ya viazi kutoka Uporoto? Siku za deni?
Safari za kwenda kwa mtu aliyekwisha kuhama?
Jina hakuna.

Leo nguzo imetoka, kwa kilio kimoja, kama jino.

Nimepaka praima, nimepaka kijani.
Penye mikwaruzo nilibandika utepe,
rangi ikapita pembeni.
Patashika kutu tena, najua.

Msumari ninao mfukoni.