Sijagusa Kitu

Nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, Kibuye,
Jumamosi saa kumi na moja,
wauza mitumba wakishusha marobota ya kesho,
sisi hupanga viti vinne, mashine mbili,
na waya wa umeme unaotaka teke ndipo uwake.

Obuya ni wa rekodi za hospitali.
Chelagat ni wa ankara za maji: anajua
nani Nyalenda hajalipa tangu mwaka juzi, wala hasemi.
Khavugwi ni wa mizani ya miwa, upande wa Muhoroni.
Mimi ni wa chama cha akiba, na chai huwa juu yangu.

Hakuna aliyetuajiri hapa.
Ila habari ilienea, na watu huja,
kipakatalishi kwapani kama kuku wa kuuza.
"Haifanyi kazi."
Haifanyi kazi vipi?
"Haifanyi tu."
Uligusa nini?
"Sijagusa kitu."

Sijagusa kitu! Tungelipwa shilingi kwa kila sijagusa kitu
tungekuwa na ghorofa Milimani.
Ni mgonjwa anayesema naumwa,
kisha anafumba mdomo, anafunga vifungo vya shati,
na kumkasirikia daktari kwa kutojua.

"Soma ulichoandikiwa kwenye skrini," husema Khavugwi.
Miaka tisa anasema hivyo.
Rapudo alikuja na orodha ya ghala la mahindi,
ndani mna Auma watatu: Auma, Awuma,
na Auma mwenye nafasi tupu mwishoni mwa jina,
upenyo ambao jicho haliuoni.
Kwa mashine huyo ni mtu mwingine kabisa,
na deni lake ni lake.
Tulimweleza mara nne. Akasema tunajiona.
Khavugwi akafunga mkoba: "Hapa sirudi."
Jumamosi iliyofuata nilimkuta mlangoni
ananilaumu kwa kuchelewesha chai.

Kisha Aprili, siku isiyo yetu, Jumanne usiku,
akatuita. Viatu vimejaa tope la shambani.
Aliweka mashine mezani, hakukaa.
"Haifanyi kazi," akasema.

Obuya akafungua kinywa,
sote tukijua utani uliokuwa njiani,
akakifunga.
"Haifanyi kazi vipi?" Chelagat aliuliza polepole,
kama anayemtoa mtoto mwiba.
"Nilitaka kumfuta mkulima mmoja, marehemu.
Nikasahau kuandika ni yupi."

Ukiiambia futa, usitaje nani,
haikuulizi mara mbili.
Wakulima mia nane, msimu mzima.
Nakala ya akiba ilikuwa ya Januari.

Hakuna aliyemwambia soma ulichoandikiwa.
Risiti za mizani alizibeba kwenye gunia la sukari,
tukazigawa kama karata.
Obuya akasoma, Chelagat akaandika;
Khavugwi akasoma, nami nikaandika,
nikiinuka kuchemsha maji hadi gesi ikaisha.
Saa nane umeme ukapotea. Teke halikusaidia.
Tukaendelea kwa betri na tochi za simu,
tani tatu nukta mbili, tani moja nukta tisa,
mpaka nikaanza kuwaona wenyewe
wakipita mmoja mmoja, panga mkononi,
kila mtu akisubiri jina lake litamkwe vizuri.

Alfajiri zilibaki risiti tatu,
zimelowa, wino umekimbia.
Khavugwi alizikunja akazitia kwenye pochi,
nyuma ya kitambulisho.
"Hawa nitawaendea nyumbani."

Jumamosi kijana fulani aliingia, mashine kwapani.
"Sijagusa kitu," alianza, hata hatujamuuliza.
Tukamtazama Khavugwi.
Alivuta pumzi ndefu ya miaka yote tisa.
"Soma ulichoandikiwa kwenye skrini,"
lakini kiti alikuwa ameshamvutia.

Baadaye alinipa pesa ya mandazi, jambo geni.
Alipofungua pochi nilichungulia:
risiti zimebaki mbili.