Bei ya Kuwaona

Kila Alhamisi, saa nane na dakika kumi,
Bi Doreen hufunga mwavuli mlangoni
na mtaa mzima wa Spring Bank huingia naye:
baridi, basi, chipsi.
Hukaa. Hufungua brosha ukurasa ule ule,
kona yake imelainika kama sikio la mbuzi.

"Siku tano, hema lenye bafu," namsomea,
"nyati, twiga, vifaru wakipatikana.
Chui hatuahidi."
Hucheka hapo. Daima hapo.
"Hata Ron hakuahidi kitu," husema,
na marehemu mumewe hupita kati yetu
akinuka gundi ya kiwanda cha karavani.

Leo ameuliza:
"Wewe uliwaona kwa karibu, Nyamizi?"
Nikaitazama kompyuta.

Ningemwambiaje? Kwetu tembo haonekani, husikika.
Ni mahindi yanayovunjika gizani,
ni baba akipiga debe hadi limpasukie mkononi,
na asubuhi nyayo pana kama ungo
zimejaa maji, vyura wameshahamia.
Magari ya wageni yalipita
ng'ambo ya mawe meupe ya mpaka,
kamera zimechomoza kama shingo za mbuni.
Tulinyoosha mikono kuwaonyesha shamba.
Wakatupungia.

"Karibu mno," nikamjibu.
Akaridhika. Akaandika bei
mgongoni mwa bahasha ya bili ya gesi,
akajumlisha, akatoa, akatoa tena,
akaikunja.

Saa kumi na moja nafunga, giza limeshatanda Hull.
Nyuma ya duka la samaki, kwenye mapipa,
mbweha.
Mwembamba, mkia umelowa,
anavuta karatasi yenye mafuta.
Si yule wa nyikani, najua, ila jina ni moja;
lugha yangu haikuona sababu ya kuwatenganisha.

Nikasimama kama brosha inavyoagiza:
usiseme, usilishe, usimulike taa.
Akanikagua polepole,
kama afisa na pasipoti asiyoiamini,
kisha akarudi kazini kwake.

Nikatoa simu nimwite Bi Doreen:
njoo, yuko mmoja hapa, hata koti usivae,
huyu hana bei.

Sikuwa na namba yake.
Miaka miwili ya Alhamisi,
na hajawahi kujaza fomu.