Mishono Kumi na Saba

Kibuyu cha mama mkwe kilikaa juu ya kabati,
Umoja, ghorofa ya nne, karibu na mitungi ya maji ya akiba,
na kazi yake, miaka kumi na tisa,
ilikuwa kutunza vibanio vya nguo.
Kwao kinaitwa sotet.
Kwangu kiliitwa "lete kile kitu".
Tumboni kilikuwa na ufa mrefu
ulioshonwa kwa kano ya ng'ombe,
nami niliuonea haya ule ufa
wageni wakija.

Kisha Kibiwott, mtoto wa shemeji, akaja likizo
na simu yenye kioo kilichopasuka
(ufa wake yeye hakuuonea haya).
Akamwaga vibanio kitandani bila kuuliza.
Akatandika shuka jeupe, akafudikiza sufuria,
akakiweka juu, akakizungusha
nyuzi tano, piga,
nyuzi tano, piga,
raundi tatu: tumbo, shingo, kinywa.
Picha mia mbili na kumi na sita.
Raundi ya pili tokeni za stima zikaisha;
tukamalizia kwa mwanga wa dirishani,
jirani akianika nguo, akitutazama
kama watu wanaompamba bibi harusi asiyeonekana.
"Usipanguse," akanionya. "Vumbi nalo ni habari."
Nikacheka. Vumbi ninalo, mwanangu,
la kugawia kata nzima.

Usiku kile kitu kikazaliwa ndani ya simu.
Kinaelea. Ukikigusa kwa kidole kinageuka.
Ukikivuta karibu, ufa unakuwa bonde
na ndani ya bonde kuna ngazi, mshono juu ya mshono.
Nikahesabu. Kumi na saba.
Miaka yote hiyo nakiteremsha na kukipandisha
sikuwahi kuhesabu.
Wa tisa umerudiwa,
kana kwamba mshonaji aliitwa nje, akarudi,
akasahau alipoachia.

Kumbe ilibidi kiniponyoke mikononi
ndipo macho yangu yakifikie.

Watu wakakizungusha. Lodwar, Kisumu, Oslo,
mtu fulani saa tisa usiku asiyepata usingizi.
Mmoja akaandika bei
ambayo ingetulipia kodi ya nyumba hadi Desemba.
Mume wangu akaisoma mara tatu,
akatafuta miwani, akaisoma tena.
Nami, sitadanganya, siku hiyo nilikipangusa.
Wahenga walisema kipya kinyemi;
hawakutuambia cha zamani kikipigwa picha
kinakuwa nini.

Siku ya nne akapiga simu mwanamke, Jeptanui,
wa papa hapa, Kasarani.
"Huo mshono wa tisa," akasema, "ni mama.
Alikaza kano kwa jino la kushoto,
ikikatika anarudia.
Aliwashonea watu wa kilima kizima,
chake hakikubaki hata kimoja."
Nikamwambia aje. Akanyamaza.
"Nitakuja. Lakini kwanza kigonge,
nisikie. Hiyo picha yenu ni bubu."

Nikasogeza simu. Nikagonga kwa vifundo vya vidole, chini,
pale kinapolia kama mlango wa nyumba yenye watu waliolala.
Tena.
Nikamsikia akipumua.
Nikatamani kumpa na harufu:
ukiingiza pua, chini ya sabuni na nguo zilizokauka,
bado upo mkaa wa senetwet,
na maziwa ya mwaka fulani
ambao hakuna aliyeupiga picha.
Lakini harufu nitaitumaje?

Anakuja Jumamosi. Nimeagiza maziwa.
Ile bei haijajibiwa; mume wangu huichungulia kila jioni
kama mtu anayechungulia mvua.
Vibanio vimehamia kopo la siagi,
vinapiga kelele kila nikiliinua,
na Kibiwott amekwisha kuniomba
lile jiwe la kusagia ninaloegemezea mlango.
"Subiri," nimemwambia.
"Acha kwanza mimi nilitazame."