Ratili Kumi na Nane

Picha iko ukutani, ofisini kwetu:
gulio la pamba, Kayenze, mwaka haukuandikwa.
Wanaume saba mbele ya mizani,
na nyuma ya picha majina saba kwa wino wa buluu,
mpaka la karani, mpaka la askari mwenye rungu.
Pembeni, pale unyevu ulipokula karatasi,
neno moja: wanawake.
Niliwahesabu kwa ncha ya penseli. Kumi na mmoja.
Kumi na wawili, kama ule mgongo ni wa mtu.

Ndipo nikapanda Mabatini, ngazi juu ya miamba,
na kinasa sauti, betri za akiba, sukari kilo mbili
(huendi kuuliza mikono mitupu),
hadi kwa Nkwimba binti Masunga.
Mjukuu akaninong'oneza mlangoni:
sema kwa nguvu, sikio la kulia.

"Wewe ndiye wa makumbusho?
Nyie mnakusanya vya waliokufa. Mimi bado nadaiwa mkaa."
Akacheka. Nikawasha.
Akaishika picha, akaweka kidole juu ya mgongo.
"Huyu ni mimi."
Na mtoto uliyembeba?
"Si mtoto."

"Mizani ile ilikuwa inakula.
Unachuma siku nne, yenyewe inakula moja.
Ukisema, karani anakuuliza: umesoma?
Sikusoma. Lakini kubeba, najua.
Nikaokota jiwe ziwani, jeusi, limelambwa na maji,
nikalipeleka zahanati kwa masista,
nikalining'iniza kwenye mizani ya watoto.
Sista akadhani nimerukwa na akili.
Ratili kumi na nane.
Nikalifunga mgongoni, nikalifunika vizuri,
nikampita askari huku nalibembeleza,
nikalipandisha mizanini, gulio zima linatazama.
Kumi na tano!
Walisoma wao wenyewe, kwa sauti.

Andika: Holo alipiga kigelegele.
Ng'washi mwenye mwanya alikalia gunia lake, akakataa kuinuka.
Minza wa kwa Lubango.
Na yule Mjita tuliyemwita Mjita tu,
jina lake hatukuuliza.
Hilo nalo andika, kwamba hatukuuliza."

Nikauliza: kwa nini kumi na nane, si ishirini?

Kwenye utepe ni dakika tatu na sekunde kumi.
Jogoo. Mtu anatwanga.
Honi ya meli inayoondoka kwenda Nansio.
Halafu:
"Kabula alikuwa na hizo,
mara ya mwisho walipompima."

Mkuu wangu anasema nikate ule ukimya,
wageni hawana subira.
Sijakata.

Jiwe lenyewe lilikuwa miguuni pangu muda wote,
linazuia mlango.
"Mwanza nzima ni mawe, na bado mnataka la kwangu?
Haya. Lichukueni. Lakini nataka stakabadhi.
Zile za pamba ziliandikwa jina la mume wangu,
hata ule mwaka alioshinda machimboni Geita
hajaligusa jembe.
Andika Nkwimba. Herufi kubwa."
Nikaandika. Akaishika juu chini, chini juu,
akaitazama kama mtu anayekagua noti,
akaifunga kwenye pindo la kanga.

Mizani ya makumbusho ni mpya, ya umeme.
Kilo saba na gramu mia tisa.
Nikapiga hesabu mara mbili: ratili kumi na saba na chenji.
Nikampigia simu, nikapiga kelele sikio la kulia.
Kimya kidogo, kisha kicheko, kisha kikohozi.
"Basi hata yenu inakula."

Kadi namba arobaini na saba.
Kifaa: jiwe la ziwa.
Mwenyewe: NKWIMBA BINTI MASUNGA.
Uzito: ratili kumi na nane.
Chini yake, kwa penseli: mizani yetu inasema vingine.
Masharti: lirudishwe kabla ya masika,
mlango unabamiza.